Mkono Wake Ulimtangulia

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba mwanangu anaumwa alikuwa dereva wa bodaboda, na alikuwa amekuja kunishtaki. Skola, binti yangu, ndiyo kwanza alikuwa ameanza kidato cha kwanza. Alipotoka shule alipita stendi, akakuta pikipiki inaunguruma na mwenyewe yuko pembeni anafunga gunia la abiria. Akapanda, akaondoka nayo. Hakuwa amewahi kuendesha pikipiki maishani mwake. Alifika nayo karibu na njia ya kwenda Kasense, ikamshinda, wakaingia mtaroni, yeye na pikipiki.

Niliacha cherehani nikajiandaa kutukanwa, maana nilistahili. Yule kijana akavua kofia yake ya baridi.

"Shikamoo mama. Pikipiki imekwaruzika tu, hilo tutaelewana. Ila mtoto mwangalie. Nilipomfikia nilitaka nimzabe kofi, nikamwona macho. Alikuwa anashangaa kuliko mimi. Huyu siyo mtukutu, mama. Huyu anaumwa."

Hilo neno liliniudhi kuliko pikipiki. Mtoto mwizi unaweza kumchapa, na watu wakakuona umelea. Mtoto mgonjwa wa kitu kisichoonekana unamfanya nini? Nilimwambia kijana ashughulike na pikipiki yake, akaniangalia kwa huruma, akaenda zake.

Naandika haya kwa sababu kishindo kimepita, siyo kwa sababu kila kitu kimekwisha. Najua kuna mama mahali amekaa kwenye benchi akingoja kuitwa, amechoka kama nilivyochoka mimi. Sitamwongezea uchovu kwa majina ya vitu vya kwenye ubongo, ambayo hata mimi nayataja kwa kubahatisha. Nitasema tulivyoishi.

Mimi ni Mnyakyusa wa Tukuyu. Nilikuja Sumbawanga kumfuata dada yangu aliyekuwa mtumishi wa serikali. Yeye akahamishwa, mimi nikaolewa nikabaki. Nashona sare za shule na nguo za kwaya. Mume wangu Deo ni Mfipa wa upande wa Kaengesa, fundi seremala, mtu mtaratibu kupita kiasi. Hupima ubao, akaupima tena, akanywa chai, akaupima mara nyingine ndipo akate. Sijawahi kumsikia akipaza sauti. Kwa miaka mingi nilidhani ndivyo alivyozaliwa.

Binti yetu tulimpa jina la mama yake Deo, Skolastika. Kwetu na kwao mambo ni yale yale: mtoto akibeba jina la bibi, amebeba na heshima yake. Deo alimwita binti yake "mama" tangu yuko kwenye mbeleko, na mama yako humchapi wala humkaripii. Bibi naye alimwita "wajina" na kumtania kama mtu wa rika lake. Kwa hiyo Skola alipokuwa mdogo, akarusha bakuli la uji ukutani, wageni walicheka. Alipokimbilia katikati ya ng'ombe wanaopita barabarani, walicheka tena. "Bibi yake huyo amerudi, na bado yuko hai." Nilicheka nao, ingawa mimi ndiye niliyefuta uji.

Alivyoendelea kukua, kicheko kilipungua. Hakuwa mtoto mbaya. Hakuwahi kupanga ubaya wowote; angeupanga wapi, wakati hata daftari hakumbuki kulibeba? Jambo lilimjia, likawa limeshatendeka. Aliwahi kumkata nywele rafiki yake wa karibu katikati ya somo, kisha akalia kuliko aliyekatwa. Nilimuuliza kwa nini. Akautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Mama, mkono unatangulia. Mimi nafika baadaye."

Majirani walinipa methali. Samaki mkunje angali mbichi, Mama Skola. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwetu Tukuyu mama yangu aliuliza kwenye simu, kwa sauti ya chini kana kwamba Deo angesikia, kama nilichunguza ukoo ule kabla ya kuolewa. Upande wa mume wakasema hasira za Wanyakyusa zinajulikana. Kila mtu aliutupa ugonjwa ng'ambo ya pili.

Baada ya mambo ya pikipiki ukoo ukaitana Kaengesa. Walifikia uamuzi ambao leo nikimsimulia mtu anatabasamu, na simlaumu. Kaka mkubwa wa Deo alisema jina limemzidi mtoto, lina moto, avuliwe apewe jingine, kama afanyiwavyo mtoto mchanga anayelia bila sababu. Hatukukumbuka kwamba huyu wetu si mchanga, ana matiti na kitambulisho cha shule. Walichagua jina la shangazi mmoja marehemu aliyesifika kwa upole: Yustina. Unga wa ulezi uliletwa, akapakwa kwenye paji la uso.

Unga ule aliusaga bibi mwenyewe. Alikuwa amekaa pale kwenye mkeka, mzima, anasikia jina lake likivuliwa kama nguo yenye chawa. Alisema neno moja tu. "Kama linamuumiza, mvueni."

Sikumfikiria siku ile. Nilikuwa na matumaini, na mtu mwenye matumaini haoni wengine. Mtoto akakaa na jina la Yustina kwa muda wa msimu wa palizi. Shuleni walimcheka. Nyumbani ukimwita hageuki, na ukimgusa bega anakwambia, "Ninyi mkimwita Yustina, nangoja nione nani kaingia." Siku ya soko alimwagia maji mteja wangu aliyesema gauni limempwaya. Tukarudi kumwita Skola bila kutangaza.

Mwisho wa mvua, wanafunzi walikuwa wanarudi kutoka shamba la shule juu ya tela la trekta. Upepo wa Ufipa mnaujua. Ulimpeperushia Skola kitambaa chake, naye akakifuata. Tela lilikuwa linakwenda.

Hospitali walimfunga plasta mkono wa kulia. Daktari aliyemfunga alimuuliza kwa nini aliruka, akajibu, "Kitambaa kilikuwa kinaenda." Daktari akacheka, kisha akaacha kucheka, akamuuliza mengine: shule, usingizi, mambo aliyowahi kuyavunja. Mwishoni akatuandikia kwenda chumba cha mwisho kwenye korido, kliniki ya afya ya akili.

Mkuu wa shule naye alisema, kwa upole lakini akiwa ameshikilia mlango, kwamba Skola asirudi mpaka hospitali iruhusu, maana safari ijayo atakufa mikononi mwao. Deo alisikiliza yote hayo. Tulipofika nyumbani akaniambia amezungumza na dada yake wa Namanyere, mwenye mgahawa karibu na soko. "Ataenda kusaidia pale. Dada hana mchezo. Atatulia."

Nilimwelewa vizuri. Shule basi. Mtoto wa kidato cha kwanza akaoshe sahani kati ya wapita njia, na mkono ule unaotangulia, na wanaume wenye haraka zao. Nilijua kitakachompata kabla mwaka haujageuka. Nilimwomba Deo angoje kwanza tumalize hospitali. Akasema atangoja mavuno yaishe, basi la kwenda Namanyere halina msimu.

Ndipo nikaanza kukaa kwenye benchi.

Benchi la kliniki ile linatazamana na chumba cha meno. Nawaambia muone: nusu ya tuliokaa pale tulikuwa tunaumwa meno. Akipita mtu wa kanisani, nashika shavu. "Pole, Mama Skola, jino?" "Jino, mama." Kuna baba mmoja, mwalimu, alikuwa anamleta mdogo wake, tulishikana mashavu wiki nyingi bila kuambizana ukweli, mpaka siku moja akaniambia taratibu, "Mama, jino lako limekaa muda mrefu." Tulicheka mpaka muuguzi akatoka kutazama. Hicho kicheko kilinisaidia kuliko maombi mengi niliyofanyiwa. Baada ya hapo niliacha kushika shavu.

Daktari wa chumba kile alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza. Hakuwa na haraka. Alimpa Skola vidonge vya kumeza asubuhi, vya kujaribu, akasema huenda vikasaidia na huenda tukabadili. Vilimsaidia kwa namna iliyonitisha. Kwa mara ya kwanza alikaa chini akamaliza kunisimulia jambo. Lakini chakula kilimkataa. Ugali aliusukuma, makande aliyoyapenda aliyatazama tu. Sketi niliipunguza kiunoni, nikaipunguza tena. Mashavu yalizama, midomo ikakauka na kupasuka kwa baridi ya kipupwe. Usingizi ulimjia kwa shida. Mimi nami nilivimba miguu, presha ikapanda, nikaanza vidonge vyangu. Tukawa tunameza pamoja asubuhi, mama na mwana, kama wanaokula kiamsha kinywa. Wakati mwingine dawa zake zilikosekana mjini, tukaagiza Mbeya zije na basi, na siku za kungoja basi zilikuwa ndefu kwetu wote, hata kwa paka.

Deo hakuja kliniki. Alisema ana vitanda vya watu. Mara ya tatu au ya nne daktari akaniambia wazi: "Mama, nakutibia mtoto nusu. Mambo haya mara nyingi hutembea kwenye damu. Kwenu yuko wa hivi?" Nikasema kwetu wapo wenye hasira, lakini si hivi. "Kwa baba yake?" Nikasema sijui, wananiambia ni bibi, lakini wananiambia kwa kucheka. "Basi mlete baba, au mlete bibi."

Nilimwambia Deo. Alikuwa anapiga randa, hakuacha. Akasema, "Mama yangu asipelekwe hospitali ya vichaa kuhojiwa."

Sikugombana naye. Nilipanda gari asubuhi, nikamfuata mama mkwe shambani kwake. Alikuwa akisambaza matuta ya ntumba, yale ya mviringo ambayo majani hufukiwa ndani yaoze mpaka msimu mwingine. Mzee, lakini jembe lake lina kasi. Anaanza tuta hili, analiacha katikati, anarukia lile. Niliyaona matuta yaliyoachwa nusu yameenea shamba zima, nikakaa chini kwenye nyasi. Miaka yote nimepita pale, nikadhani ni uzee.

Nilimweleza. Sikuficha kwamba mwanawe amekataa. Akapangusa jembe.

"Wanataka kujua nini?"

"Kama na wewe ulikuwa hivyo, mama."

"Na nikisema, wajina wangu atarudi shule?"

"Sijui, mama. Daktari anasema itamsaidia kumtibu."

"Twende," akasema, na akataka tuondoke vilevile na matope miguuni. Ilibidi nimshike mkono ili anawe.

Deo alitukuta kliniki. Sijui nani alimwambia. Mji huu mdogo. Alikaa mwisho wa benchi, akamwamkia mama yake, hakuniangalia. Tulipoitwa akasimama akaingia nasi. Skola alikaa karibu na bibi yake, plasta imeshatolewa, mkono umekonda na magamba meupe.

Daktari aliuliza taratibu. Bibi alijibu kama anayetua mizigo. Alisema aliachika mara mbili. Alisema aliwahi kuuza mbuzi wa mume kwa mpita njia kwa sababu tu mpita njia aliuliza. Alipigwa sana, na kila alipopigwa aliapa kwa watakatifu wote, na aliapa kwa dhati. Kisha akamtazama mwanawe, akarudi kumtazama daktari.

"Kulikuwa na lori linaenda mnadani Namanyere. Lilisimama barabarani mbele ya nyumba. Watu wakapanda, na mimi nikapanda. Sikuwa na kitu cha kuuza. Maharage yalikuwa motoni, na huyu alikuwa anatambaa."

Deo ana kovu linaloanzia bega la kushoto mpaka kiunoni. Nililiona mara ya kwanza tulipooana. Aliniambia ni moto wa utotoni, na sauti yake ilifunga mlango, nami sikubisha hodi tena.

"Nilikumbuka tumeshaiacha Kaengesa mbali," bibi akaendelea. "Nikapiga bodi la lori kwa mikono yote miwili. Halikusimama mpaka mbele huko. Nilirudi kwa miguu."

Deo akauliza, "Ulikumbuka?"

"Nilikumbuka."

"Mimi niliambiwa ulirudi mnada ulipoisha. Niliambiwa ulicheza ngoma kule."

"Waliosema hawakuwepo."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia nini? Ulikuwa umeshaungua."

Daktari akaweka kalamu chini, akamweleza bibi kwa maneno mepesi kwamba alichokuwa nacho ni kitu cha kuzaliwa nacho, kwamba hakukichagua, na kwamba huenda ndicho alichonacho mjukuu. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atafurahi. Akauliza, "Dawa hii ilikuwepo wakati ule?"

"Huku kwetu, hapana."

"Na yangu mimi sasa?"

Daktari alimpima presha, akatikisa kichwa. Akasema kwa umri wake na moyo wake vidonge vile si salama, ila aje pamoja na mjukuu, waongee. Bibi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyefika dukani wakati mlango unafungwa. Nililia hapo, siyo kwa ajili ya mwanangu. Nililia kwa ajili ya yule mama kijana anayepiga bodi la lori.

Nje, kwenye benchi, Deo alikaa karibu na mama yake. Akasema kwa shida, "Basi ulikuwa unaumwa, mama. Nimekuwekea kinyongo bure."

Bibi akamkatalia. "Siyo bure. Nilikuwa naumwa, na nilikuunguza. Yote mawili. Usichukue moja ukaniachia jingine." Kisha akamgeukia Skola, na hakukuwa na utani wowote usoni pake. "Na wewe, wajina, usikie hivyo hivyo. Damu ni yangu, nisamehe. Lakini mkono ni wako."

Skola akasema, "Ndiyo, bibi."

Jioni ile Deo alimpigia dada yake Namanyere akamwambia asimngoje mtoto. Hakueleza sababu. Baada ya kukata simu alimwita binti yake amletee maji, na akamwita Skola, siyo "mama". Miezi ikafuata ambayo alijifunza kumkaripia, vibaya mwanzoni, kwa sauti ya mtu anayejaribu chombo kipya. Binti yake alikuwa wa kwanza kufurahi.

Skola alirudi shule na barua ya daktari wakati wa kuandaa mashamba. Sasa yuko kidato cha nne. Dozi ilibadilishwa, akaanza kula tena, nikaachia sketi. Sitawadanganya kwamba amepona. Mwaka jana alimrushia mwalimu chaki, mwaka huu hajarusha kitu, lakini mwaka haujaisha. Mimi nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauondoi. Kama uko mwanzoni mwa njia hii, nakushauri mambo machache tu: usishike shavu, na waulize wazee wenu bila kicheko. Mengine utayajua ukifika.

Msimu wa sare uliopita nilikuwa na wateja mpaka nje ya kibanda. Skola alikuwa ananisaidia kukata. Mama mmoja alikasirika kwamba sare ya mwanawe haijawa tayari, akasema kwa sauti, watu wote wakasikia, kwamba atategemea nini nguo zikishikwa na kichaa. Mkasi mkubwa ulikuwa mkononi mwa Skola. Niliona mkono ukinyanyuka. Nilikuwa mbali, upande wa pili wa meza, sikuweza kufika.

Mkono ukasimama. Ukateremka, ukaweka mkasi juu ya kitambaa. Skola akatoka, akaupita umati, akazunguka soko zima bila kanga kwenye ule upepo. Aliporudi midomo yake ilikuwa myeupe. Akaomba simu yangu, akampigia bibi yake, akaweka sauti ya nje.

"Bibi, leo nilitaka kumpiga mtu na mkasi. Nimeuweka chini."

Kule nikasikia jembe likiwekwa chini.

"Wajina," bibi akasema, "ukiweza, mwili unasikiaje?"

Skola akafikiri. "Unachoka, bibi. Unachoka sana."

"Ah," bibi akasema. "Sikuwahi kujua." Kisha akasema, "Kaa chini basi, upumzike."

Nikasogeza vitambaa kwenye benchi, akakaa.